Balozi na Benchi Lake Pana

Mgeni akifika mtaani kwetu, hapa Tunduma, nyuma ya barabara ya malori, huwa ana swali moja. Haulizi kwa nini tumebanana, hilo analiona mwenyewe. Anauliza kwa nini nyumba zetu hazina kona. Ni kweli hazina. Nyumba ya kwanza ukiingia uchochoroni imekatwa kona kutoka chini mpaka usawa wa bega. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu imekatwa sana, bati la juu limebaki linaning'inia kama kofia iliyokosa kichwa. Mafundi wa miji mingine wakiona wanacheka. Wacheke. Kona hizo alizikatisha mtu mmoja ambaye hata hakuwa fundi. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi.

Jina lake nalijua, nimelisoma msalabani, lakini halikuwa na kazi mtaani. Mkewe alimwita Balozi. Wajukuu walimwita Balozi. Mchungaji alipomwombea alisema, "Bwana, mponye Balozi," na tukaamini Mungu ameelewa ni nani. Alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, waulize ndugu zake, wapo wengi, nusu yao ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Mimi nasema niliyoyaona. Na niliyaona vizuri, kwa sababu alikaa nyuma yangu. Uchochoro wetu unaingia kutoka barabarani, unapita ubavuni mwa nyumba yangu, unakata kona hapo hapo kwangu, halafu unakwenda kwenye nyumba tatu za nyuma. Ya mwisho ilikuwa yake. Hakuwa na njia nyingine ya kutoka. Hilo ulishike, ndilo lililotugombanisha.

Na mimi unijue kidogo. Shule niliishia darasa la tatu, kule Itaka. Nilikuja mji huu na jozi moja ya viatu, navyo vya kuazima. Nimesukuma mkokoteni wa kuvusha mizigo mpakani mpaka mabega yakawa magumu kama kwato. Leo nina mashine mbili za kusaga na nyumba ya tofali za saruji, na hakuna mtu anayeweza kusimama akasema alinishika mkono. Watu wananiita Mzee wa Mashine. Balozi peke yake aliniita Darasa la Tatu. Aliniita hivyo mbele ya wateja, mbele ya wakwe zangu, hata siku ya harusi ya binti yangu alipopewa nafasi ya kusema neno. Yeye alifika darasa la nne.

Tuanze na barua zake.

Kila mtu aliyetaka kazi, au laini ya simu, au kumdhamini ndugu aliyekamatwa, alihitaji barua ya utambulisho, na kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa ilibidi uanzie kwa Balozi. Aliandika polepole, ulimi nje, kwenye karatasi ya daftari la mistari. Barua zote zilikuwa moja. "Namfahamu. Ana choo." Halafu sahihi. Kijana mmoja wa mtaani aliomba kazi ya ulinzi kwenye ghala, akarudi amevimba kwa hasira.

"Balozi, wamenicheka! Wameuliza choo kinahusu nini na ulinzi?"

"Wamekupa kazi hawajakupa?"

"Wamenipa."

"Sasa unalia nini? Mtu akichimba choo, amekusudia kukaa. Mlinzi asiyekusudia kukaa wa nini?"

Asiyekuwa na choo hakupata barua. Alipewa jembe. Balozi alikuwa na jembe la kuazimisha kwa kazi hiyo tu, na nadhani nusu ya vyoo vya mtaa wetu vilichimbwa na jembe lile.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa kunyooka kila mahali. Alivaa saa moja mkononi, lakini aliishi kwa saa mbili. Wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa nzima, kila mtu wa hapa anajua. Balozi alichelewa kila kikao. Tukipanga saa nne, anatokea saa tano, anatembea bila wasiwasi, anaonyesha kidole upande wa Nakonde: "Kule ni saa nne kamili. Nimewahi." Wewe ukichelewa kikao chake dakika kumi, anakusimamisha mbele ya watu. "Hapa ni Tanzania, bwana!"

Aliyemweza ni mama mmoja wa Nakonde anayeuza kapenta wakavu, dagaa wa kwao, mwanzo wa uchochoro. Alikuwa na kesi yake ya kunyang'anywa sehemu ya kukaa, na Balozi alimwahidi kuisikiliza asubuhi. Alikaa na beseni lake mpaka jua likamfikia kichwani. Balozi alipotokea, mama akamwamkia kwa heshima zote, akapiga goti, halafu akasema, "Balozi, leo uko kwetu au uko kwenu? Niambie tu, mukwai, bwana mkubwa, nijue kama nimechoka au bado." Mtaa mzima ulicheka. Balozi alimpa haki yake siku ile ile, tena akanunua kapenta. Saa hakubadilisha.

Alichukia umbea, na hakuna jambo lililompita. Alikataza watu kuweka matofali njiani, na rundo lake la matofali ya kuchoma lilikaa mlangoni kwake miaka minne mpaka magugu yakaota juu na kuku wakataga ndani. Ukimwambia, anajibu, "Yale si matofali, ile ni nyumba ya mwanangu inasubiri." Alisema hanywi pombe. Alionja. Alionja kikombe hiki, akaonja kile, akarudi nyumbani anaimba nyimbo za kwaya, sauti ya kwanza na ya tatu kwa pamoja.

Sasa benchi.

Zamani mtaa huu ulikuwa shamba la mahindi. Tulijenga kila mtu anavyoweza, usiku nyumba haipo, wiki ijayo ipo na ina bati. Hakuna aliyepima. Njia ilikuwa pale watu walipokanyaga. Halafu akafa jirani yetu mmoja, fundi viatu, mtu mkubwa wa mwili, nyumba yake ya nyuma kabisa kwenye uchochoro mwingine. Wanaume sita tukabeba jeneza. Tukatoka vizuri, kwaya nyuma inaimba. Kufika kona ya pili, jeneza likagoma. Tukarudi nyuma, tukajaribu kwa upande, likagoma. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine, ikamaliza. Mwisho tukafanya jambo la aibu: tukalisimamisha. Tukampitisha fundi viatu pale kona amesimama wima kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Mjane akapiga kelele, "Mnamsimamisha mume wangu! Mnamsimamisha kwa kosa gani?"

Balozi alikuwa upande wa kichwa. Miaka mingi baadaye, siku ambayo alikuwa ameonja vikombe vichache tu, aliniambia kitu ambacho sijui kama alimwambia mtu mwingine. "Darasa la Tatu, tulipomsimamisha alishuka ndani. Halafu tulipomlaza, kichwa kikagonga ubao. Nilisikia mimi peke yangu. Mpaka leo nikigongewa mlango naruka." Hakuwa anatania. Baada ya hapo akaniomba unga wa bure.

Wiki ile ya mazishi ndipo alipotangaza sheria yake: hakuna nyumba itakayojengwa wala kuongezwa katika nyumba zake kumi bila jeneza kupita na kugeuka. Na akaanza kupima kwa jeneza. Jeneza lenyewe, tupu, la kuazima kwa fundi seremala! Alipita nalo asubuhi na watu wanne, wamekaza nyuso kwa sababu ya uzito. Kina mama walipoona wakaanza kulia. Watu wakaacha kazi, wakauliza ni nani, kila mtu akataja mgonjwa anayemjua. Kufika saa sita, nyumbani kwa Balozi kulikuwa na turubai, kuni, maji ya mapipa, na unga wa msiba kutoka mitaa mitatu. Ndugu zake wa Nakonde walivuka mpaka wanalia, wakamkuta marehemu amekaa mlangoni anakula karanga. Kikao cha kumwonya kilifanyika hapo hapo chini ya turubai, maana tulishakusanyika. Unga hakuurudisha.

Akaonywa asitembeze jeneza tena. Ndipo akamwagiza seremala amtengenezee benchi lenye urefu wa jeneza na upana wa jeneza. Ni benchi la ajabu, pana mno, watu wanakaa safu mbili wamepeana migongo. Lilikaa nje kwake. Tulilikalia kwenye kesi, kwenye harusi, kwenye kusubiri barua. Na mtu akijenga, linabebwa. Likipita na kugeuka, unaendelea. Likigoma, Balozi anatoa chaki mfukoni, anachora kwenye ukuta wako pale lilipogusa, na wewe unakata. Watu walikata. Wengine walikata wakitukana, lakini walikata.

Mkewe alilichukia lile benchi. "Miaka yote hii," alisema mbele yetu, "limebebwa mtaa mzima. Mimi mkewe hajanibeba hata kuvuka matope."

"Wewe unageuka mwenyewe, mama," Balozi akajibu.

Hata mimi nilikata, nilipojenga mara ya kwanza. Lakini biashara ikakua. Nilihitaji stoo ya pumba. Nikaangalia ile kona yangu iliyokatwa, nikaona nafasi ya magunia kumi na tano inakaa bure ikisubiri mtu afe. Balozi akasafiri kwenda Chitete kumuuguza dada yake, wiki tatu. Kwa zile wiki tatu nikarudisha kona. Siirembi habari hii. Nilijenga haraka, nikaongeza na shubiri mbili mbele, nikapiga plasta, nikapaka rangi.

Aliporudi alifika na begi lake, akasimama, akaangalia ukuta. Akaenda kuleta benchi na watu. Benchi lilikuja mpaka kona yangu, likagoma. Akatoa chaki.

"Balozi," nikamwambia, "chaki hiyo ukiigusisha kwenye ukuta wangu nitakulamba kofi, na wewe ni mkubwa kwangu. Usinitie dhambini."

"Watu watatoka wapi?"

"Watu gani? Nyumba ziko tatu. Na kila siku mnatoka."

"Wakifa."

"Nani amekufa? Wewe hujafa."

"Sijafa," akasema, "lakini pia sijakataa."

Alikwenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti anasaga mahindi kwangu, akasema suala linahitaji muda. Basi tukaishi hivyo miaka miwili. Salamu alinipa, maana salamu hakumnyima hata mbwa, lakini barua sikuomba na utani ulikwisha. Hakuniita tena Darasa la Tatu. Aliniita "ndugu". Ilinikera kuliko tusi. Na kila akipita, kwenda na kurudi, aligonga ukuta wangu kwa fimbo yake. Mara moja. Tofali lile lile. Niko ndani, mashine inanguruma, mimi nasikia fimbo. Plasta ya pale ikadondoka, halafu pakawa peusi. Nilipaka rangi upya mara mbili. Akapagonga.

Mwaka huo wa pili akaanza kuumwa. Alilazwa hospitali, akarudi, akalazwa tena, akarudi. Sikuisikia fimbo wiki nyingi. Nilijiambia, sasa nimepumzika. Lakini mara kwa mara nilizima mashine kabla ya muda wake, nikasikiliza uchochoroni, halafu nikaiwasha.

Ikawa Jumamosi moja asubuhi, wateja wamejaa, nikasikia watu wanakuja kutoka nyuma, hatua za pamoja, zile za kubeba. Nikatoka na unga usoni.

Walikuwa wanaume sita na benchi, seremala yule yule mbele. Juu ya benchi amelala Balozi, chali, amevaa koti la sherehe, kofia kifuani, macho ameyafumba. Nyuma yake mkewe, amefungua mwavuli.

"Amekufa?" nikauliza.

"Bado," Balozi akajibu bila kufumbua macho. "Tunajaribu."

"Nyamaza," mkewe akasema. "Maiti hasemi."

"Maiti wa kawaida hasemi. Mimi bado nina wadhifa."

Wateja wangu wakaacha mahindi yao wakaja kutazama. Seremala akajaribu kugeuza. Benchi likagonga ukuta wangu. Akarudi nyuma, akajaribu kwa upande, Balozi akateleza kidogo akashika ubao kwa mikono miwili. Likagoma.

"Mzee wa Mashine, halipiti," seremala akasema. "Tukiliinamisha zaidi atadondoka."

"Mdondosheni," nikasema. Hakuna aliyecheka, ila Balozi.

"Darasa la Tatu," akaniita. Miaka miwili sijaitwa hivyo. "Sogea hapa. Sitaki kupaza sauti, mimi ni marehemu."

Nikasogea.

"Nimepiga hesabu ya njia. Moja, mnipitishe dirishani kwa jirani, nitokee jikoni kwake kama mwizi wa mboga. Jirani kakataa, ana vyombo. Mbili, mnisimamishe." Hapo akafumbua macho, akanitazama. "Nikisimamishwa, unajua kitakachotokea ndani."

"Najua."

"Ya tatu sikuambii. Ukuta ni wako."

Nilitaka kumjibu. Jibu nilikuwa nalo tayari kwa miaka miwili, refu, zuri, la jasho langu na mkokoteni wangu. Lakini nikaangalia miguu yake. Hakuwa na viatu. Mtu aliyevaa koti la sherehe, mwenye viatu vyeusi tunavyovijua wote, alikuwa na soksi tupu. Miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii tena. Ndipo nikaelewa kwamba hakuja kunifanyia kichekesho. Alikuwa anapima kweli, na alikuwa na haraka.

Nikaingia ndani nikatoka na nyundo kubwa.

"Mshusheni," nikawaambia.

"Wasinishushe," akasema Balozi. "Nataka kuona."

Nikaanzia kwenye tofali lile jeusi, alilokuwa anagonga. Nilidhani nitalipiga mara tano. Nililipiga mara moja likaingia ndani lenyewe kama droo. Sijui lilikuwa limelegea tangu lini. Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Wateja wakasaidia kutoa vifusi, magunia ya pumba yakaonekana kama mtu aliyefunguliwa mlango anaoga. Balozi kule juu analalamika.

"Taratibu, vumbi linaniingia machoni!"

"Si ufumbe," mkewe akasema. "Leo ndiyo siku yako ya kufumba."

Kona ilipokatika, wakamwinua vizuri, wakageuka. Benchi likapita. Halikugusa huku wala huku. Wakatembea naye mpaka barabarani, madereva wa malori kwenye foleni wakavua kofia kwa heshima, mmoja akafanya ishara ya msalaba, na Balozi akawapungia mkono. Yule dereva karibu azimie.

"Haya, nirudisheni," akasema. "Nilikuwa napima tu."

Alipita pale kwa kweli miezi minane baadaye, kwenye jeneza, mimi nikiwa mbebaji wa kushoto, upande wa kichwa. Nilitega sikio pale konani. Hakukuwa na sauti yoyote. Hilo nimelisema na limekwisha.

Lakini mara ya mwisho kuongea naye ilikuwa nje kwangu, kabla ya hapo, dawa zilipompa nafuu na miguu ikapungua, akawa anatembea na ndala. Nilikuwa nataka umeme wa mashine ya pili, na ofisi ilitaka barua. Nilimfuata, nikaomba kama watu wengine. Kesho yake akaja nayo mwenyewe, imekunjwa mara nne. Nikaisoma polepole, huwa nasoma polepole.

"Namfahamu. Ana choo. Kona amekata mwenyewe."

"Balozi, hii nikiipeleka ofisini watanicheka."

"Usiipeleke. Ya ofisini mwenyekiti atakuandikia, si anasaga kwako? Hiyo ni ya kwako."

"Nyumbani naifanyia nini?"

"Wewe soma. Darasa la nne tunaandika, la tatu mnasoma."

Akanyanyuka, akashika fimbo, akaingia uchochoroni kwenda kwake. Alipofika kwenye kona yangu akainua fimbo, kama alivyozoea, akapiga. Hakukuwa na ukuta. Fimbo ikakata hewa, na yeye nyuma yake, akayumba hatua mbili, akashika bati la jirani, kofia ikadondoka.

Akasimama wima. Akaokota kofia. Halafu akageuka polepole kuangalia kama kuna mtu amemwona.

Nikainama haraka, nikajifanya nafunga gunia.